Aljebra kabla ya chuo: mwongozo kwa aliyemaliza kidato cha nne Lamu

Mtihani wa KCSE humalizika Novemba, na vyuo vikuu huanza kupokea wanafunzi wapya Agosti au Septemba ya mwaka unaofuata. Hapo katikati kijana wa Amu, yaani Lamu, ana miezi minane au zaidi, na aghalabu huimaliza baina ya baraza, boti ya mjomba na kusubiri KUCCPS, wale wanaopangia wanafunzi nafasi za vyuo, imtangazie kozi. Sehemu ya miezi hiyo yatosha kabisa kuitengeneza aljebra iliyolegea. Namwandikia hasa aliyepata alama ya wastani katika hisabati, naye anakwenda kusoma uchumi, biashara, kompyuta, uhandisi, ualimu wa sayansi au uuguzi.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akianguka katika kalkulasi, ile hisabati ya jinsi vitu vinavyobadilika, mara nyingi si kalkulasi iliyomwangusha. Mhadhiri huandika mstari mmoja wa kalkulasi yenyewe, kisha mistari mitano au sita ya kupanga: kufungua mabano, kujumlisha sehemu, kuhamisha herufi upande wa pili. Hiyo mistari mingine yote ni aljebra, na mhadhiri huipita haraka kwa sababu anadhani waijua. Anayepotea hupotea pale. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na mambo makubwa. Unaanza na vitu vya darasa la saba na kidato cha kwanza, na nakuomba usivionee haya. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Hatua ya kwanza: jipime bila kikokotoo

Chukua karatasi tupu, simu uiweke chumba kingine. Nusu saa yatosha.

1. 3/4 − 5/6
2. −3² ni ngapi, na (−3)² ni ngapi?
3. Fungua mabano: 5 − 2(x − 4)
4. Tafuta x: 3x − 7 = 5x + 9
5. Fungua mabano: (x + 3)²
6. Je, (6 + x)/6 ni sawa na x?
7. Kanzu imepunguzwa bei kwa asilimia 20 na sasa yauzwa Sh 1,200. Kabla ya kupunguzwa ilikuwa shilingi ngapi?

Majibu: −1/12; −9 na 9; 13 − 2x; x = −8; x² + 6x + 9; hapana, ni 1 + x/6; Sh 1,500.

Usihesabu alama ulizopata. Tazama umekosa wapi. Aliyeandika −3 − 2x katika swali la tatu amesahau kuwa kutoa mara kutoa ni kujumlisha. Aliyeandika x² + 9 katika la tano ana ugonjwa ulioenea kuliko yote, na tutaufikia. Aliyesema Sh 1,440 katika la saba amechukua asilimia 20 ya bei mpya, ilhali punguzo lilikuwa la bei ya kwanza: asilimia 80 ya bei ya kwanza ni 1,200, basi 0.8x = 1,200. Ukiyapata yote saba bila kusitasita, ruka hadi hatua ya sita.

Hatua ya pili: sehemu, mpaka mkono uzoee

Hapa ndipo nitakapokaa sana, kwa sababu hapa ndipo palipooza. Kikokotoo kimetufanya tuandike 0.333 badala ya 1/3, na mtu akishazoea desimali hawezi tena kufanya sehemu yenye herufi ndani yake. Kikokotoo hakikusaidii kujumlisha 1/x na 1/(x + 1).

Kanuni ni chache. Kujumlisha na kutoa kwataka namba za chini ziwe moja. Kuzidisha ni juu kwa juu, chini kwa chini. Kugawanya ni kuigeuza ile sehemu ya pili kisha kuzidisha. Kupunguza ni kugawanya juu na chini kwa kitu kimoja kinachozidisha juu yote na chini yote. Hiyo ya mwisho ndiyo jibu la swali la sita: katika (6 + x)/6, ile 6 ya juu haizidishi x, imejumlishwa nayo, kwa hivyo huwezi kuikata na 6 ya chini. Katika 6x/6 waweza. Ukielewa tofauti ya hizo mbili, umejiepusha na nusu ya makosa ya mwaka wa kwanza.

Wengi wenu mlipita madrasa kabla ya kupita shule, na aliyewahi kukaa mbele ya mwalimu wa mirathi amekwisha kufanya aljebra pengine bila kujua. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun katika karne ya 9, aliandika kitabu kilichoweka msingi wa aljebra, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni hesabu za wasia na mirathi. Basi tufanye moja.

Mtu amefariki. Wazazi wake walimtangulia. Ameacha mke, mwana wa kiume mmoja na mabinti wawili. Baada ya mazishi, madeni na wasia, zimebaki Sh 640,000. Mke, kwa kuwa marehemu ana watoto, apata 1/8. Kinachobaki ni cha watoto, na mwana wa kiume apata mara mbili ya binti.

Fungu la binti mmoja liite x. La mwana wa kiume ni 2x. Kilichobaki ni 1 − 1/8 = 7/8. Basi:

x + x + 2x = 7/8
4x = 7/8
x = 7/32

Sasa hakiki kabla ya kugusa shilingi hata moja. Mke ana 1/8, yaani 4/32. Mabinti wana 7/32 kila mmoja. Mwana ana 14/32. Jumla: 4 + 7 + 7 + 14 = 32, na 32/32 ni mali yote. Mke Sh 80,000, kila binti Sh 140,000, mwana Sh 280,000. Kama jumla isingefika 32/32, kuna mtu angedhulumiwa, na hapo ndipo utaona kuhakiki si pambo.

Tunga kesi zako nyingine kwa namna hii, ubadilishe idadi ya watoto. Wana wawili na binti mmoja? Mafungu ni 2x + 2x + x = 5x, na 5x = 7/8, basi x = 7/40. Jipe wiki nzima ya sehemu tu.

Hatua ya tatu: alama za kutoa na mabano

Mambo matatu ya kukariri kwa mkono, si kwa mdomo.

La kwanza, −3² maana yake ni kutoa ile 3². Kipeo, ile 2 ndogo ya juu, kimeshika 3 peke yake, hakikushika alama. Ukitaka kishike na alama, weka mabano.

La pili, alama ya kutoa mbele ya mabano huingia kwa kila kilichomo. −(a − b + c) ni −a + b − c. Watu hugeuza cha kwanza, wakasahau vingine.

La tatu ndiyo ile (x + 3)². Ni (x + 3)(x + 3), nawe wazidisha kila cha kwanza kwa kila cha pili: x², 3x, 3x, 9. Ile 6x ya katikati haipotei. Ukiwa na shaka, weka namba: x = 1, basi (1 + 3)² ni 16, na 1 + 6 + 9 ni 16. Ungeandika x² + 9 ungepata 10. Ujanja huu wa kuweka namba ndogo mahali pa herufi utakufaa miaka yote ya chuo, kwa sababu wakamata uongo mara moja.

Ndugu yake ni √(9 + 16). Si 3 + 4. Ni √25, yaani 5. Kipeo na kipeuo (ile alama √) havigawanyiki juu ya kujumlisha.

Hatua ya nne: milinganyo ya herufi moja

Ulifundishwa "hamisha upande wa pili, ubadilishe alama." Achana na msemo huo. Unafanya kazi leo, kesho ukikutana na sehemu utahamisha kitu kisichohamishika. Badala yake, sema unachokifanya pande zote mbili: natoa 3x pande zote, natoa 9 pande zote, nagawanya kwa 2 pande zote. Andika kila mstari chini ya mwenzake, alama za sawa zikiwa zimepangika. Mstari mmoja, kitendo kimoja.

3x − 7 = 5x + 9
−7 = 2x + 9
−16 = 2x
−8 = x

Kisha rudisha −8 kwenye mlinganyo wa mwanzo: kushoto −31, kulia −31. Umemaliza.

Zoezi ambalo shule huligusa kidogo na chuo hulitumia kila siku ni kutenga herufi moja ikae peke yake katikati ya herufi nyingine. F = 9C/5 + 32 ni kanuni ya kubadili joto la Selsiasi kuwa Farenhaiti. Itenge C: toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9, upate C = 5(F − 32)/9. Jaribu na joto la Amu la nyuzi 30: F = 54 + 32 = 86. Rudisha 86 katika ile ya pili upate 30. Fanya hivyo kwa kila kanuni iliyomo katika kitabu chako cha fizikia, herufi moja baada ya nyingine.

Zile zenye alama ya "ndogo kuliko" hufanywa vivyo hivyo, ila jambo moja: ukizidisha au ukigawanya kwa namba hasi, alama hugeuka. −2x < 6 huwa x > −3.

Hatua ya tano: maswali ya maneno

Kwa wengi wetu kazi hapa ni lugha. Hisabati tumesomeshwa kwa Kiingereza, na chuo kitaendelea kwa Kiingereza hicho hicho. Lakini akili ya mtu wa hapa hufikiri kwa Kiswahili chake. Ninaofundisha baada ya Isha huwaambia: soma swali, funika kitabu, nieleze kwa maneno yako ni nini kinachotokea. Asiyeweza kunieleza, simruhusu kushika kalamu. Baada ya hapo ndipo aandike herufi, na kando ya kila herufi aandike yasimama badala ya nini pamoja na kipimo chake: x ni shilingi, t ni saa, b ni kilomita kwa saa.

Mfano ambao hakuna mtoto wa kisiwani asiyeuelewa. Boti yaenda masafa ya kilomita 24. Kwenda, maji yakiisukuma, huchukua saa 2. Kurudi kinyume na mkondo, injini ikiwa vile vile, huchukua saa 3. Mwendo wa boti kwenye maji yaliyotulia ni upi, na mkondo una kasi gani?

Kabla ya herufi, eleza: kwenda, boti na mkondo wasaidiana, kurudi, wapingana. b ni mwendo wa boti, m ni mkondo, vyote kwa kilomita kwa saa.

b + m = 24 ÷ 2 = 12
b − m = 24 ÷ 3 = 8

Jumlisha milinganyo yote miwili: 2b = 20, b = 10. Kisha m = 2. Muulize nahodha yeyote kama ni jambo la maana mkondo uwe moja ya tano ya mwendo wa boti; jibu lisilowezekana baharini ni jibu la makosa hata kama hesabu imenyooka.

Fanya hivi kwa njia zote mbili za kumaliza milinganyo miwili: kujumlisha au kutoa kama hapo juu, na kuchukua herufi kutoka mlinganyo mmoja ukaipachika kwenye mwingine. Ya pili ni ndefu, lakini chuoni ndiyo itakayokubeba, kwa sababu si milinganyo yote hufutana vizuri.

Hatua ya sita: vipeo

x³ × x² = x⁵, kwa kuwa ni x tatu na x mbili zimepangwa mstari mmoja. (x³)² = x⁶. Kugawanya ni kutoa vipeo. Wengi hukwama kwenye kipeo sifuri na kipeo hasi, basi shuka ngazi: 10³ ni 1,000, 10² ni 100, 10¹ ni 10. Kila ukishuka wagawanya kwa 10. Endelea: 10⁰ ni 1, na kipeo kikiwa −1 ni 1/10. Kipeo cha nusu ni kipeuo cha pili, maana nusu na nusu ni kimoja: √x × √x = x.

Siku tatu nne zatosha, kama hatua ya pili uliifanya kwa dhati.

Hatua ya saba: kuvunja katika vigawo, na mlinganyo wa kipeo cha pili

Kufungua mabano ni kwenda. Kuvunja katika vigawo ni kurudi. x² + 7x + 12: tafuta namba mbili ambazo zikizidishwa ni 12 na zikijumlishwa ni 7. Ni 3 na 4, basi (x + 3)(x + 4). Kukiwa na namba mbele ya x², kama 2x² + 7x + 3, zidisha ya mwanzo kwa ya mwisho (2 × 3 = 6), tafuta mbili zenye kuzidishana 6 na kujumlishana 7, ambazo ni 6 na 1, ugawe ile ya katikati: 2x² + 6x + x + 3 = 2x(x + 3) + 1(x + 3) = (2x + 1)(x + 3). Usisahau x² − 9 = (x + 3)(x − 3), itatokea chuoni mara nyingi kuliko unavyodhani.

Faida yake ni hii: vitu viwili vikizidishana vikawa sifuri, kimoja wapo lazima kiwe sifuri. Kiwanja cha Shela chenye urefu unaozidi upana kwa mita 5, eneo lake mita za mraba 84. Upana w: w(w + 5) = 84, yaani w² + 5w − 84 = 0, yaani (w + 12)(w − 7) = 0. Aljebra yakupa −12 na 7. Kiwanja hakina upana hasi, basi ni 7 kwa 12.

Isipovunjika vizuri, kamilisha mraba. Al-Khwarizmi ana mfano wake uliodumu mpaka leo: x² + 10x = 39. Chora mraba wenye upande x. Ile 10x igawe mapande mawili marefu, kila moja 5 kwa x, moja ubandike ubavuni na jingine chini. Umepata umbo lililokosa pembe moja, na pembe hiyo ni 5 kwa 5, eneo 25. Ijaze, na pande zote za mlinganyo ziongezeke 25: (x + 5)² = 64. Basi x + 5 ni 8 au −8, na x ni 3 au −13. Yeye alikubali 3 peke yake. Zama zile namba hasi hazikuhesabiwa kuwa jibu. Wewe andika zote mbili.

Uchore mchoro huo kwa mkono wako. Ukishauona, ile kanuni ndefu, x = (−b ± √(b² − 4ac)) ÷ 2a, haitakuwa tena hirizi ya kukariri, kwani ndiyo mchoro huu huu uliofanywa kwa a, b na c badala ya namba. Jaribu kuitoa mwenyewe kuanzia ax² + bx + c = 0. Kuifikia mara moja bila kutazama kitabu kwakufaa zaidi kuliko kuitumia katika maswali hamsini.

Hatua ya nane: grafu na funksheni

Boti ya kukodi: tuseme mafuta na ujira ni Sh 3,000 kwa safari, na kila abiria hulipa Sh 150. Faida ni f = 150a − 3,000. Chora, abiria mstari wa chini, faida mstari wa kusimama. Mstari waanza chini ya sifuri, kwenye −3,000, na kila abiria mmoja waupandisha 150. Hiyo 150 ndiyo mteremko. Pale mstari unapokata sifuri, a = 20, ndipo nahodha anaporudisha gharama. Mtu atakayesoma uchumi ataiona picha hii tangu wiki ya kwanza, ikiwa na majina mengine.

Chora kwa mkono kwanza. Desmos na GeoGebra, programu za kuchora grafu, ni za bure na zafanya kazi kwenye simu. Zitumie kuhakiki, na kuona nini hutokea ukibadilisha namba moja moja. Ukiona f(x) usiogope: ni mashine, waingiza x, yakupa jibu. f(2) ni jibu la kuingiza 2, wala si f mara 2.

Logi nitazipita haraka. Logi ya 1,000 ni 3 kwa sababu 10³ ni 1,000. Logi huuliza kipeo. Vitabu hupenda kufundisha logi kwa riba ya benki. Asiyetaka kuigusa riba hata kwa mfano achukue injini ya boti ya Sh 200,000 inayopoteza asilimia 15 ya thamani yake kila mwaka: 200,000 × 0.85 kwa kipeo n. Baada ya miaka 4 ni kama Sh 104,400, baada ya 5 ni kama Sh 88,700. Lini hasa itafika nusu? log 0.5 ÷ log 0.85, karibu miaka 4.3.

Wakati, mahali na vifaa

Soma baada ya Alfajiri, kabla jua halijakaza na kabla mji haujaamka. Dakika arubaini na tano kila siku ni bora kuliko Jumamosi nzima. Miaka hii Ramadhani yaangukia Februari na Machi, katikati ya likizo yako. Badilisha saa, usisimamishe, hata ikiwa ni maswali matatu baada ya Tarawehe. Harusi nazo zitakuja, na Mfungo Sita ukiingia, siku za Maulidi usijidanganye kwamba utasoma.

Aliye na ndugu wengi nyumbani aende maktaba iliyomo ndani ya Ngome, pale Mkunguni. Kitabu cha kuanzia si cha chuo. Ni cha kidato cha kwanza, kisha cha pili. Kiazime kwa aliyebaki nacho. Ukivimaliza hivyo, OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, hutoa vitabu vizima vya aljebra bure, wavipakua mara moja ukasoma bila bando. Khan Academy nayo ni bure, na mazoezi yake yana faida kuliko video zake, ingawa watu hutazama video.

Kuhusu programu za kupiga picha swali zikakupa jibu, na hizi roboti za kuzungumza: zifungue baada ya kumaliza, si kabla. Mtu anayetazama jibu likitiririka huhisi ameelewa, na hisia hiyo ndiyo inayomponza chumba cha mtihani. Na roboti hukosea pia, kwa ujasiri mkubwa.

Weka madaftari mawili. Moja la mazoezi. Jingine la makosa tu: swali, ulichoandika, kilichopaswa kuandikwa, na sababu kwa Kiswahili. Kila Ijumaa fanya upya maswali ya daftari la makosa bila kutazama. Ukilipata swali mara mbili kwa wiki mbili tofauti, lifute. Na kama kuna mwenzako Langoni au Matondoni anayesoma hayo hayo, mfundishane. Anayefundisha ndiye hupata zaidi.

Hatua ya mwisho: pima kabla ya kupanda boti ya Mokowe kwenda bara

Bila kikokotoo, saa moja.

1. Andika 1/x + 1/(x + 1) kuwa sehemu moja.
2. 2x² + 7x + 3 = 0
3. 4 − 3x < 19
4. Katika A = P(1 + r)², tenga r. Chukua A na P kuwa chanya, na 1 + r iwe chanya.
5. Mlinganyo wa mstari unaopita (2, 5) na (6, 13).
6. Boti imechukua abiria 40. Mtu mzima Sh 200, mtoto Sh 100, jumla Sh 6,500. Watoto ni wangapi?

Majibu: (2x + 1)/(x(x + 1)); −1/2 na −3; x > −5; r = √(A/P) − 1; y = 2x + 1; watoto 15.

Ukikosa la kwanza rudi hatua ya pili, hata kama mengine yote umeyapata. La pili, hatua ya saba. La tatu na la nne, hatua ya nne. La tano, chora grafu zaidi kwa mkono. La sita, funika karatasi umweleze mtu mwingine hadithi ya boti hiyo kwanza, kisha ujaribu tena. Ukiyapata yote sita, chukua kitabu cha kalkulasi, ufungue sura ya kwanza.